Kilo Ishirini na Nne

Bibi yangu alikuwa na jicho moja. La kushoto liliharibika kabla sijazaliwa, kibanzi cha kuni kilimrukia akipasua kuni kwake Kalenga. La kulia ndilo lililobaki na kazi zote: kuchagua maharage, kusoma kitabu cha nyimbo kanisani, kuniangalia mimi na kuuliza, "Mbona umenuna?"

Mwaka huu, wiki ya kwanza ya likizo ya mwezi wa sita, jicho hilo likaanza kuona vumbi jeusi linaloelea. Siku mbili baadaye akasema kuna pazia linamshukia kwa pembeni. Mama akamleta kwetu Mlandege, Iringa mjini, akampeleka hospitali. Daktari alimulika, akamulika tena, kisha akatuambia utando wa nyuma ya jicho umeanza kubanduka. Unabanduka kidogo kidogo kutoka pembeni. Ukifika katikati, basi tena. Operesheni yake inafanyika Dar es Salaam, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi.

"Na asitikiswe," daktari akasema. "Basi la siku nzima hapana. Mpandisheni ndege."

Mjomba wangu, mtoto wa kiume wa bibi anayeishi Dar, akasema atalipia nauli ya watu wawili. Mama alikuwa amejifungua wiki tatu tu zilizopita, kwa hiyo wa kumsindikiza bibi nilikuwa mimi. Nina miaka kumi na sita, nipo kidato cha tatu, na sijawahi kuwa mtu wa maana kwenye jambo lolote la ukoo. Nilifurahi. Lazima niandike hivyo, nilifurahi.

Jioni hiyo mjomba akanitumia ujumbe: "Ni ndege ndogo, wanataka uzito wa kila abiria. Wa bibi na wako."

Bibi alipimwa hospitalini, arobaini na nane. Nikaandika. Wangu niliujua. Mwalimu alitupima mwezi wa nne, tukiwa kwenye mstari, akasoma kwa sauti themanini na nne, na kuanzia siku ile wasichana wa darasa langu wakawa wananiita Tipa. Nikipita wanaiga mlio wa lori linalorudi nyuma. Na mjomba mwenyewe, Krismasi, mbele ya wageni, alinisogezea kigoda akasema, "Kaa hiki cha mti, hivyo vya plastiki bado tunavihitaji." Wote wakacheka, na mama akacheka.

Nikaandika: mimi 60.

Nikabonyeza kutuma. Nilifikiri ni karatasi tu, kama zile fomu za shule wanazouliza kabila na hakuna anayesoma.

*

Ndege hiyo inatoka Mbeya, inatua Iringa kuchukua watu, inaendelea Dar. Ina viti kumi na viwili. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Hiyo ndiyo ratiba iliyobandikwa ukutani, na wa kuisimamia ni mtu mmoja tu, baba mwembamba mwenye koti la kuakisi mwanga. Yeye ndiye anayeandikisha abiria, anabeba mizigo, anaongea na rubani kwa redio, na nilimwona kwa macho yangu akikimbiza mbuzi kwenye njia ya kurukia. Huyo nitamwita mtu wa kituo.

Jumatatu tulifika mapema. Bibi alivaa gauni la kanisani na sweta mbili, maana Iringa mwezi wa sita baridi si ya mchezo. Tulikuwa abiria wanne: sisi wawili, dada mmoja wa ofisi ambaye hakuinua macho kwenye simu, na mzee wa Kihindi mwenye duka la vipuri mjini, mnene, mwenye sauti. Mzee huyo tangu utoto namwona dukani kwake akigombana na mafundi kwa Kihehe safi kuliko changu.

Tulikaa saa mbili. Kisha mtu wa kituo akatoka ofisini akiwa amevua kofia.

"Leo haiji. Mbeya wamepatikana watatu, na hapa mpo wanne. Bosi anasema mafuta ya kwenda Dar kwa watu saba hayalipi."

"Hii sasa ndege au harusi?" mzee wa vipuri akafoka. "Mpaka watu watimie?"

"Mzee wangu, ndege yenyewe ni moja. Ikipiga hasara mara tano mfululizo hutaiona tena hapa. Njoo Jumatano."

"Na wewe Jumatano utakuwepo, au na wewe hutatimia?"

Watu walicheka. Mtu wa kituo pia alicheka, lakini akiangalia viatu vyake. Bibi aliniuliza kwa Kihehe wanacheka nini. Kiswahili anakijua, ila kikikimbia hukiacha kipite. Nikamwambia tunarudi nyumbani.

Usiku ule pazia lilikuwa limefika robo.

Jumatano palikuwa na wingu zito. Kile kiwanja kiko juu, wingu likishuka huoni hata nguzo. Nilikuwa nikiangalia mizani iliyokuwa pembeni ya mlango, ile ya chini, ya bamba, inayopimiwa magunia ya mahindi. Nikamuuliza mtu wa kituo, kwa sauti ndogo mpaka ikabidi nirudie, kama watatupima.

"Wote. Begi linapimwa peke yake."

"Sasa hivi?"

"Sipimi mtu mpaka nione matairi yamegusa chini." Alisema kama mtu anayemwambia mtoto asali kabla ya kula. "Zamani nilikuwa nawahi kupima. Mara nne nikapima, mara nne ndege haikuja. Abiria wakasema mizani yangu ina mkosi. Mmoja alinitemea mate. Sasa mpaka itue."

Kwa hiyo anapanga uzito kwa yale tuliyoandikisha, akamtumia rubani, na mizani inakuja mwisho kabisa, kuhakikisha. Nilielewa hapo hapo. Nilielewa kuwa namba yangu haikuwa karatasi. Nusu ya njia ya kurukia ilikuwa imefungwa kwa matengenezo siku hizo, na alikuwa akimweleza mzee wa vipuri kuwa kwa urefu uliobaki rubani anahesabu kilo moja moja.

Ningesema pale. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, anakuna kichwa kwa kalamu. "Samahani, nilikosea kuandika." Maneno matatu. Niliyapanga mdomoni, nikayameza, nikayapanga tena. Mzee wa vipuri alikuwa anasikiliza. Dada wa ofisi alikuwa ameinua macho.

Ndege ikaja, tukaisikia. Ilizunguka juu ya wingu mara tatu, mlio unakaribia, unaondoka. Bibi akawa anageuza uso kuufuata. Halafu ukaelekea mashariki ukaisha.

"Imekwenda?" bibi akauliza.

"Imekwenda."

Nikashukuru Mungu. Simfichi mtu, nilishukuru Mungu kwa lile wingu, na pazia la bibi lilikuwa nusu.

*

Alhamisi shangazi yetu wa Rujewa alituma mchele kwa basi. Bibi alisema haingii nyumbani kwa mtoto wake na mkono mtupu, na daktari naye atampa nini? Lakini mizigo mwisho kilo kumi na tano, na begi lilikuwa limejaa. Basi akafanya walichofanya wanawake wa umri wake wakivuka vizuizi vya mazao zamani: akashona mifuko miwili ya kitambaa kwa kupapasa, akaijaza mchele, akajifunga kiunoni chini ya gauni. Kilo tisa. Nilimsaidia kufunga fundo. Nilicheka naye. Nikawaza, akizidi na yeye, haitajulikana aliyezidi ni nani. Nilikuwa na akili ya aina hiyo wiki ile.

Ijumaa anga lilikuwa safi. Ndege ikatua saa nne na nusu ikiwa na watu wanane kutoka Mbeya. Ilikaa mbele yetu ikinguruma, maana rubani hakuzima injini. Mtu wa kituo alituambia kifaa cha kuwashia kinasumbua, kikigoma hapa hakuna fundi, kwa hiyo tupande haraka.

Akavuta mizani. Anasoma kwa sauti, rubani anaandika. Rubani mwenyewe kijana, miwani myeusi, anaangalia saa.

"Tisini na moja," akamsomea mzee wa vipuri.

"Nilisema tisini na moja?" mzee akauliza.

"Ulisema."

"Basi. Mimi tumbo langu nimelilipia, sina cha kuficha."

Dada wa ofisi, hamsini na tano, sawa. Ikafika zamu yetu. Bibi aliogopa lile bamba linalotikisika, na mimi sikumwacha apande peke yake. Nilimkumbatia, nikapanda naye. Watu waliona ni huruma. Ilikuwa hila.

Mtu wa kituo akainama. Akainama tena. "Mia moja arobaini na moja."

"Inatakiwa?" rubani akauliza.

"Mia na nane."

Rubani akavua miwani. Mtu wa kituo akamwangalia bibi, kibibi cha mifupa mitupu kilichonenepa kiunoni peke yake, akatabasamu vibaya. "Bibi, umebeba mimba?"

Alimpapasa palepale, mbele ya watu wote na wale wanane walioko madirishani. Akamwambia afungue. Bibi akajificha nyuma yangu akafungua, akaitoa mifuko mmoja mmoja, na fundo moja likakatika mchele ukamwagika kwenye lami. Dada wa ofisi akapiga picha kwa simu. "Jamani bibi zetu," akasema, anacheka. Bibi aliinama akitaka kuuokota ule mchele asiouona, akiupapasa chini mbali na ulipo.

"Hiyo tisa," mtu wa kituo akamwambia rubani. Hapo wakahamia Kiingereza. Mimi Kiingereza nakielewa, ni somo ninalofaulu. Alisema mwanamke mzee yuko sawa. Alisema tatizo ni huyu msichana, aliandikisha sitini, na mtazame mwenyewe. Rubani akanitazama kuanzia juu mpaka chini, taratibu, kama mtu anayekagua gurudumu. Akasema kwa njia fupi kama hii hawezi kubeba ishirini na nne za ziada. Bibi aende, msichana abaki.

Ni kweli pia kwamba mtu wa kituo alijaribu. Alimwomba mzee wa vipuri aache boksi lake. Mzee akasema boksi ni kilo sita, hata ukiliacha bado, na yeye ameahirishwa mara mbili.

"Wanasema nini?" bibi akaniuliza kwa Kihehe.

Nilikuwa nimemshika mkono. Ulikuwa na vumbi la mchele.

"Wanasema mchele," nikamwambia.

"Si wameutoa?"

"Wanasema umeharibu hesabu. Sasa mmoja abaki."

"Abaki nani?"

"Mimi."

Bibi akanisogelea ubavuni. Hajawahi kupanda ndege. Jicho lake lilibaki na dirisha dogo la katikati, na mlio ule ulikuwa unamtetemesha kidevu. "Mjukuu wangu, mimi nitapandaje kitu kama hiki peke yangu? Nitajuaje nimefika?"

Hapa ndipo pa kuandika ukweli au niache kuandika kabisa. Ilikuwa rahisi kumwambia, "Nenda bibi. Ni saa moja na nusu tu. Mjomba atakuwa mlangoni." Angeenda. Akiambiwa na mimi huwa anafanya. Dada wa ofisi angemshika mkono, hata mzee wa vipuri. Lakini niliona mjomba kule Dar akimpokea bibi peke yake, akiuliza kwa nini nimebaki, akipiga simu kituoni, akiambiwa namba. Niliona Krismasi ijayo.

Sikusema kitu. Nilimshika tu mkono.

"Mama, unakwenda au unabaki?" rubani akapaza sauti.

"Tunabaki," bibi akasema kwa Kiswahili.

Ndege iliondoka na viti viwili vitupu. Mtu wa kituo alitukabidhi ule mfuko mmoja uliobaki mzima, akaniambia chinichini, bila ukali, "Siku nyingine, dada, kilo si za kuonea aibu. Za kuonea aibu ni nyingine."

*

Mjomba alipata hasira za mchele. Alimfokea mama kwenye simu: watu wa kijijini, mchele upo Dar, mchele upo kila duka! Kisha akatuma nauli ya gari la kukodi mpaka Mbeya, tukapande ndege kubwa ya Jumapili.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi. Nilimlaza bibi kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja yangu, nikamshika kwa mikono miwili kila tulipokaribia tuta. Matuta hayahesabiki barabara ile. Dereva alijitahidi, halafu akachoka kujitahidi. Makambako bibi akasema giza limefika puani. Kabla ya njia ya kuingia Rujewa, tukipita mashamba ya mpunga, aliniuliza kama jua limezama. Ilikuwa saa saba mchana. Nikamwambia kuna mawingu.

Kule Mbeya kiwanja ni kikubwa, kuna vioo, kuna mashine za mizigo. Nilisimama kwenye foleni nikitafuta mizani ya watu. Hakuna. Walipima begi tu. Yule dada wa kaunta hakunitazama hata mwili, alinipa karatasi mbili akasema, "Safari njema."

Jumanne daktari wa Dar alimfanyia operesheni, kisha akatuita pembeni, mjomba na mimi.

"Katikati ilishabanduka," alisema. "Nimerudisha nilichoweza. Ataona mwanga, labda kivuli cha mtu. Mngemleta Ijumaa tungekuwa tunaongea mengine."

Mjomba akanigeukia. Nilidhani anajua. Akasema, "Mchele!" akapiga ukuta.

*

Tulirudi. Bibi hakurudi Kalenga, anaishi kwetu, anajua nyumba kwa kuta. Wageni wakija kumpa pole anawasimulia mwenyewe, anajicheka: kibibi kijinga, jicho moja, kikajifunga mchele kama mwanamke wa magendo. Mama anatazama chini. Halafu wageni wakiondoka bibi alikuwa akiniambia, "Nisamehe, mjukuu wangu. Nimekupa kazi ya kunishika mkono ujana wako wote."

Aliniambia hivyo mara nyingi. Mimi nilikuwa nikijibu, "Si kitu, bibi."

Mwezi wa nane ile ndege ikasimamishwa. Abiria hawatoshi, walisema, na kifaa cha kuwashia kiliharibika kweli. Mtu wa kituo nilikutana naye sokoni Mlandege, anauza mitumba, koti lile lile mwilini. Nilikuwa na mama. Akanitambua mbali.

"Wewe! Themanini na nne! Bibi anaendeleaje?"

Mama akauliza themanini na nne nini. Nikasema namba ya kiti. Ndege ya viti kumi na viwili. Njia nzima ya kurudi mama alikuwa anawaza, niliona.

Basi nikaenda kwa bibi kabla mama hajamaliza kuwaza. Alikuwa amekaa barazani juani, anachambua maharage kwa vidole. Nikamwambia yote. Sitini, themanini na nne, Kiingereza, na kwamba ningeweza kumwambia nenda. Vidole vyake viliendelea na maharage mpaka nilipofika kwenye "nenda". Hapo vikasimama.

Nilingoja anipige. Nilingoja alie.

"Mama yako anajua?"

"Hapana."

"Mjomba?"

"Hapana."

Akarudi kwenye maharage. Nikadhani amenisamehe, nikalia kwa furaha, mjinga mimi.

Jumapili baada ya ibada wakaja kina mama wa kwaya, watano. Bibi akaanza hadithi yake. Mifuko, fundo, mimba ya mchele. Walicheka mpaka wakafuta machozi. Alipofika mahali pa rubani, akageuza uso wake kule nilikokaa. Alikuwa haoni, lakini aliujua upande wangu vizuri kabisa.

"Si mchele, mjukuu wangu? Si mchele ndio ulinipofusha? Waambie, wewe ulikuwepo."

Wote wakanitazama.

"Ndiyo, bibi," nikasema. "Ni mchele."

"Sema kwa sauti. Huyu mama wa mwisho hasikii vizuri."

Nikasema kwa sauti.

Sasa kila anayekuja lazima anisubiri. Nikiwa jikoni ananiita. Nikiwa shule, anawaambia wakae kidogo, shahidi yake anarudi saa kumi. Hajawahi kumwambia mtu. Hajawahi tena kuniomba msamaha. Jana alikuja mchungaji, na kabla hajavua hata viatu, bibi alishanitengea kiti karibu yake, akakipigapiga kwa kiganja.

"Njoo ukae hapa," akasema. "Mchungaji hajasikia."